Mwenye jeraha la zamani naye apewe nafasi kwenye mkeka wa yoga

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalowagusa watu wengi wa rika langu, na vilevile vijana wengi walioumia barabarani: kufanya yoga kila siku, au karibu kila siku, huku mwili ukiwa na maumivu ya muda mrefu na majeraha ya zamani. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilivunjika kifundo cha mguu wa kulia katika ajali ya bodaboda, na kabla ya ajali hiyo nilikuwa tayari ninaishi na kiuno kinachouma na bega la kushoto lisilonyanyuka lote. Nimefanya yoga kwa miaka kadhaa sasa, na katika miaka hiyo nimeona kwamba mtu wa hali yangu hupewa ushauri wa aina mbili, na wote unamdhuru. Nyumbani na mtaani, na mara nyingine hata hospitalini, anaambiwa apumzike. Kwenye madarasa ya mazoezi anaambiwa avumilie. Kinachomfaa ni mkao uliopunguzwa mpaka ulingane na mwili wake wa leo, kisha ukarudiwa mara kwa mara bila kuachwa.

Ushauri wa kupumzika hutolewa kwa huruma, na ndiyo maana ni vigumu kuupinga. Mama anayesumbuliwa na kiuno huzuiwa na wanawe asiiname, asifagie, asiketi kwenye mbuzi kukuna nazi, hata sokoni asiende kwa miguu, na wote huamini kwamba wanamtunza. Lakini wataalamu wa tiba walikwishaanza kuachana na ushauri huo zamani. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi 186 wa Jiji la Helsinki, nchini Finland, waliokuwa wameshikwa na maumivu ya ghafla ya kiuno. Baadhi yao waliambiwa walale kitandani siku mbili, baadhi wakapewa mazoezi ya mgongo, na waliobaki wakaambiwa waendelee na shughuli zao kadiri maumivu yatakavyowaruhusu. Waliopata nafuu bora kuliko wenzao ni hao wa mwisho, na waliochelewa kuliko wote ni wale waliolala. Utafiti huu nauthamini kwa sababu unawakosoa watu wa pande zote mbili: unaonyesha kwamba kulala hakusaidii, na unaonyesha pia kwamba siku za mwanzo za maumivu makali ya kiuno hazihitaji mazoezi maalumu. Katika siku hizo mtu atembee, afanye kazi zake nyepesi, na yoga aisubirishe kidogo.

Maumivu ninayoyazungumzia hapa ni yale yaliyovuka miezi mitatu, ambayo tayari yamekuwa sehemu ya maisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na Desemba 2023 likatoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Mwongozo huo unapendekeza elimu kwa mgonjwa na mpango wa mazoezi, na unashauri kwamba mikanda ya kiuno isitolewe kama tiba ya kawaida. Nawaomba wasomaji walipime hilo, maana mikanda hiyo inauzwa kwenye kila mtaa wenye shughuli katika miji yetu, na wapo watu wanaoivaa mwaka mzima wakiamini kuwa bila hiyo mgongo utakatika. Mgongo hauwi hivyo. Misuli isiyotumika hupungua nguvu, kiungo kisichokunjwa hukakamaa, na mwenye mwili huo huanza kuogopa kila mjongeo, hata ule ambao ungemsaidia.

Hofu hiyo huongezwa na picha. Mtu hupigwa picha ya MRI kwa gharama kubwa, akasomewa kwamba diski zake, zile sehemu laini zilizo kati ya pingili za mgongo, zimechakaa, na tangu siku hiyo akajihesabu kuwa mlemavu. Mwaka 2015 watafiti walikusanya matokeo ya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo, wakakuta dalili za kuchakaa kwa diski kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Picha ina kazi yake, na daktari ndiye wa kuisoma. Ila uchakavu peke yake hautoshi kumkataza mtu kuinama na kuinuka maisha yake yote.

Sasa nigeukie kule kwenye kuvumilia, ambako madhara yake nimeyaona kwa karibu zaidi. Katika darasa moja nililowahi kuhudhuria, tulikuwa tumekaa chini miguu tumeinyoosha mbele, tukiinama kushika vidole. Mimi nilikuwa nimefika pale ambapo kiuno changu kilinitaka nikomee, nikatulia hapo. Mwalimu alikuja nyuma yangu bila kuniuliza neno, akaweka viganja vyake viwili mgongoni kwangu na kuegemeza uzito wake, huku akiliambia darasa kwamba maumivu ni udhaifu unaotoka mwilini. Nilikaa majuma bila kuweza kuvaa viatu bila msaada. Naamini kabisa kwamba kijana yule hakuwa na nia mbaya. Alifundishwa hivyo, naye akafundisha hivyo, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba mtu aliyeumia hasukumwi.

Ni vizuri ieleweke jinsi yoga inavyoweza kuumiza, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba zoezi la polepole haliwezi kumdhuru mtu. Chukua mkao maarufu wa kukaa huku miguu imepishana na nyayo zimewekwa juu ya mapaja. Mzunguko unaotakiwa pale unapaswa kutoka kwenye nyonga. Nyonga ikiwa ngumu, na kwa watu waliozoea kukaa kwenye viti mara nyingi huwa ngumu, mzunguko huo huhamia kwenye goti, ambalo limeumbwa hasa kwa ajili ya kukunja na kukunjua, na gegedu ya ndani ya goti ndiyo inayolipa. Anayeinama mbele kwa nguvu kila siku huweza kuumiza kano za misuli ya nyuma ya paja pale zinaposhika mfupa wa kukalia, na jeraha la mahali hapo hukaa miezi mingi. Kushusha mwili karibu na sakafu kwa kutumia mikono, tena na tena, hulichosha bega ambalo tayari lina kasoro. Kusimama kwa kichwa huipa shingo mzigo ambao haikuzoea kuubeba. Mtu mwenye mwili mzima anaweza kuyapita haya kwa usalama akiwa na mwalimu mzuri. Mwenye jeraha la zamani anahitaji njia nyingine, na njia hiyo ipo ndani ya yoga yenyewe.

Aliyeipanua njia hiyo zaidi katika karne iliyopita ni B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918 huko Bellur, Karnataka, kusini mwa India, wakati wa janga la mafua makali lililompata hata mama yake. Utoto wake ulikuwa wa maradhi: malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Alianza yoga akiwa kijana dhaifu nyumbani kwa shemeji yake, T. Krishnamacharya, mjini Mysore, na mwaka 1937 akapelekwa Pune kufundisha. Kwa kuwa alifundisha watu wengi wenye maradhi na vilema, aliingiza darasani vitu vya kuwaegemeza: matofali ya mbao, mikanda, kamba za ukutani, viti na mablanketi. Mwaka 1979, akiwa amefikia umri wa miaka 60 hivi, alipata ajali ya skuta iliyomuumiza uti wa mgongo na bega, na yeye, bingwa aliyefahamika ulimwenguni, akalazimika kurudi kwenye mikao ya mwanzo na kuijenga upya hatua kwa hatua. Aliendelea na mazoezi yake mpaka uzeeni kabisa, akafariki Pune mwaka 2014 akiwa na miaka 95. Namtaja kwa sababu watu huonyeshwa picha zake akiwa amejikunja mithili ya utepe, lakini hawaonyeshwi zile akiwa ameegemea kiti, ambazo kwa mtu wa hali yangu zina faida kubwa zaidi.

Hata hivyo, sisi watu wa Pwani tayari tunaijua kanuni hii bila ya kwenda Pune. Katika mafundisho ya Uislamu, Imran bin Husain alipokuwa mgonjwa, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aswali akiwa amesimama, asipoweza akiwa ameketi, na asipoweza alale kwa ubavu. Katika kila msikiti wa mji huu kuna wazee wanaoswali kwenye viti, wakiashiria rukuu na sijda kwa kichwa, na hakuna anayethubutu kuwaambia kwamba swala yao haikutimia au kwamba wangoje mpaka magoti yapone. Umbo limepunguzwa, wakati haukupunguzwa. Yoga kwangu ni zoezi la mwili na pumzi, wala siichanganyi na ibada yangu, lakini naona ajabu kwamba busara tunayoitumia mara tano kwa siku msikitini tunaiacha mlangoni tunapoingia kwenye ukumbi wa mazoezi.

Niruhusu nieleze ninavyofanya mwenyewe, ili msomaji mwenye maumivu asibaki na nadharia tupu. Baada ya swala ya Alfajiri natandika mkeka karibu na ukuta, naweka kiti cha plastiki kilichoegemezwa ukutani kisiteleze, na pembeni nakuwa na kanga mbili na blanketi. Naanza kwa kulala chali, mashavu ya miguu yakiwa juu ya kiti, magoti na nyonga vikiwa vimekunjwa, ili kiuno kitue chini bila kushurutishwa. Hapo nahesabu pumzi, ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia. Nikisimama, naweka viganja ukutani usawa wa kifua, kisha narudi nyuma kwa hatua ndogo mpaka mikono inyooke na mgongo ulale sambamba na sakafu, au karibu na hapo. Kwa kuwa bega langu la kushoto halipandi, kiganja cha kushoto nakiweka chini kidogo ya cha kulia. Mwalimu anayependa ulinganifu angenisahihisha. Bega langu limeridhika. Nikichuchumaa, naweka blanketi lililokunjwa chini ya visigino, kwa sababu kifundo kilichovunjika hakikunji kama zamani. Nikipiga magoti, naweka kanga iliyoviringishwa nyuma ya goti ili lipate nafasi. Namaliza kwa kulala kimya, na watu wengi huiruka sehemu hiyo ingawa ndiyo inayompa mwenye maumivu nafasi ya kuhisi mwili wake bila kuogopa.

Swali ninaloulizwa zaidi na wenzangu ni jinsi ya kuyajua maumivu ya kuendelea nayo na maumivu ya kuacha. Huwa naangalia mahali yalipo, yalivyo, na yanavyokuwa kesho yake. Mvuto unaosikika katikati ya msuli, mpana na butu, na unaolegea kadiri pumzi inavyotoka, kwa kawaida hauna ubaya. Maumivu makali kwenye kiungo au karibu na mfupa, ganzi, kuwaka, au kitu kama shoti ya umeme inayoteremka mguuni, hayo ni ya kuacha papo hapo na kutoka kwenye mkao taratibu. Pumzi ndiyo shahidi wa kwanza: ikizuilika au ikaanza kuwa fupi, mtu amekwishapita mpaka wake hata kama bado anatabasamu. Kisha asubuhi inayofuata hutoa ushahidi wake. Maumivu yaliyoongezeka kidogo wakati wa zoezi na kurudi yalipokuwa ndani ya siku moja yanavumilika, na hata wataalamu wa fiziotherapia huyaruhusu. Yaliyoamka yakiwa makubwa kuliko yalivyolala yanamwambia mtu apunguze. Kupunguza huku kusiwe kuacha, kwa maana hapo ndipo watu wengi wanapopoteza walichokipata. Ipo siku kiuno changu kinanishika kiasi kwamba zoezi langu lote linakuwa kulala chali na miguu kitini. Siku hiyo nayo naihesabu, na nawasihi wenzangu waihesabu, kwa sababu mwili wenye maumivu sugu hujifunza usalama kwa kurudiarudia mambo madogo, na mazoea yakikatika, kuyaanza upya kunahitaji ujasiri ambao mtu aliyechoka na maumivu hana.

Sidai kwamba yoga inaponya. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima na kujumlisha tafiti za tiba, yaliyotolewa mwaka 2022, yaliyojumlisha tafiti 21 na washiriki 2,223, yalionyesha kwamba kwa watu wenye maumivu sugu ya kiuno yoga huleta nafuu ndogo ikilinganishwa na kutofanya mazoezi, na kwamba tofauti kati yake na mazoezi mengine ya mgongo ni ndogo au haipo. Yalionyesha pia kwamba baadhi ya washiriki walipata madhara, hasa kuongezeka kwa maumivu ya mgongo. Utafiti ninaoupenda zaidi ulichapishwa mwaka 2017, nao ulifanyika Boston, Marekani, kwa watu 320, wengi wao wa kipato cha chini, ambao walifundishwa yoga ya upole iliyoandaliwa kwa ajili ya wenye maumivu, mara moja kwa juma kwa majuma 12. Nafuu waliyoipata haikuwa pungufu kuliko ya wenzao waliopelekwa fiziotherapia. Kwa nchi kama yetu, ambako mtaalamu wa fiziotherapia hupatikana kwa urahisi zaidi katika hospitali kubwa na mgonjwa wa kijijini hulazimika kulipa nauli kila anapomfuata, matokeo hayo yana uzito. Yanatuambia kwamba darasa la pamoja, likiandaliwa kwa uangalifu, linaweza kubeba sehemu ya mzigo huo.

Wapo wanaopaswa kwenda hospitali kwanza, na sitaki barua yangu imcheleweshe hata mmoja wao. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, kutokwa na jasho usiku au kukonda yachunguzwe haraka, kwa kuwa kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo, na ugonjwa huo katika ukanda wetu ni wa kweli. Anayepata ganzi sehemu za siri, anayeshindwa kuzuia haja au kupata mkojo, au ambaye mguu unalegea, aende siku hiyohiyo. Mwenye presha ya macho asiinue miguu juu wala kusimama kwa kichwa, na mwenye presha ya damu isiyodhibitiwa vilevile. Wazee ambao mifupa yao imekuwa dhaifu, na hasa akina mama waliokoma hedhi, waepuke kuinama mbele kwa kuukunja mgongo wa juu kwa nguvu, kwani pingili zinaweza kubonyea.

Ombi langu la kwanza nalielekeza kwa walimu wa yoga. Fani hii imekua kwetu: Kituo cha Utamaduni cha Swami Vivekananda kilichopo Dar es Salaam hufundisha, na jirani zetu wa Nairobi wana Africa Yoga Project, iliyoanza mwaka 2007, ambayo imewafunza vijana wengi wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu. Vijana hao na wenzao wa hapa nyumbani wana moyo wa kazi. Nawaomba kabla ya darasa kuanza wamuulize kila mgeni ameumia wapi, na mikono yao isimguse mtu kabla ya kumwomba ruhusa. Wataalamu wetu wa fiziotherapia, wakiwemo wale wanaofunzwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi kwa miongo mingi sasa, nawaomba wawaalike walimu hao wakae pamoja, japo kwa siku moja, wajadili goti, bega na kiuno. Na wewe, Mhariri, ungetusaidia sana kama ungewapa wataalamu hao safu ya kujibu maswali ya wasomaji kuhusu maumivu haya, ambayo hayaui haraka na kwa sababu hiyo hayapewi kurasa.

Ombi la pili ni kwa waandaaji wa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Umoja wa Mataifa uliipitisha Desemba 2014, na tangu mwaka 2015 huadhimishwa kila tarehe 21 Juni, hapa kwetu pia. Watu hujipanga uwanjani kwa mistari, mkufunzi mmoja jukwaani, na wote hutakiwa kufanya yaleyale kwa wakati mmoja. Wenye majeraha ama hubaki pembeni wakipiga picha za wenzao, ama hujaribu kufuata na kurudi nyumbani wakichechemea. Nashauri mistari ya mbele iwekwe viti vya plastiki, vilevile tunavyovikodi kwa ajili ya harusi na misiba, na awepo mkufunzi wa pili jukwaani anayeonyesha kila mkao kwa kutumia kiti. Wenye magongo, wenye vyuma miguuni na wazee wenye viuno vinavyouma watangaziwe mapema kupitia redio na misikitini na makanisani kwamba nafasi yao ipo, tena ipo mbele, ambako wataona na kusikia. Nipo tayari kujitolea kupanga viti hivyo katika uwanja wowote wa mji huu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu,
Tanga.